Sabule ya Mchoraji wa Mkomani: Fujo Iliyofanya Kazi na Usafi Ulioiharibu

Gunia lilikuwa limeegemezwa dakani, kibarazani pa mlango wa nje, likisubiri punda wa asubuhi. Ndani yake mlikuwa na matambara ya rangi yaliyookotwa kila pembe ya chumba, pamoja na mengine mabichi yaliyotumika mchana ule kuusugua mlango wa nakshi kwa mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani. Yalikandamizwa kwa mguu ili yaenee, kisha mdomo wa gunia ukafungwa kwa kamba. Baada ya Isha mpita njia akasikia harufu kama ya mafuta yaliyoungulia chini ya sufuria. Alipoligusa gunia akaurudisha mkono upesi. Likamwagwa njiani, matambara yakatawanywa kwa fimbo, na yale ya katikati yalikuwa yameshakuwa meusi pembeni na yanafuka moshi.

Chumba hicho kilikuwa kimeishi na matambara ya namna hiyo kwa miaka 11, yakitupwa moja moja sakafuni, juu ya kiti, kwenye komeo la dirisha. Hayakuwahi kuunguza kitu. Yalitaka kuunguza nyumba siku yalipopangwa.

Kisa hiki kinahusu sabule moja, yaani chumba cha wageni, katika mtaa wa Mkomani, Lamu, siku 2 za usafi, na wiki 7 ambazo mchoraji mwenye chumba hakumaliza kazi hata moja. Tumekieleza kwa kirefu kwa sababu wasanii hupewa mashauri ya aina mbili tu kuhusu vyumba vyao, ama "panga vitu vyako" ama "fujo ndiyo akili ya msanii", na yote mawili yangemponza huyu.

Chumba chenyewe

Mchoraji huyu hutumia rangi za mafuta na akriliki (rangi ya plastiki inayochanganywa na maji) juu ya matanga makuukuu ya majahazi, na juu yake hugongomea vipande vya mbao za vyombo vilivyovunjwa. Mbao nyingi hutoka Matondoni, kwa mafundi wa majahazi. Sabule anayofanyia kazi ni kile chumba cha wageni kilicho karibu na mlango wa nje katika nyumba za kale. Upana wake ni mita 2.6, urefu mita 6. Ufinyu huo una sababu: dari za nyumba za mawe za Lamu hulala juu ya boriti za mikoko, na boriti haiwezi kubeba uzito wa mawe na chokaa kwa upana unaozidi mita 3 hivi, ndipo vyumba vyote vikawa virefu na vyembamba. Umbo hilo ndilo linaloamua fujo itakaa wapi. Meza huwezi kuizunguka, kwa hiyo kila kitu huegemea ukuta mrefu na kupanda juu.

Meza ilikuwa bamba la mlango wa zamani juu ya makasha mawili. Mkono wa kulia palikaa kifuniko cha ndoo ya mafuta ya kupikia, ambacho ndicho kilichokuwa cha kuchanganyia rangi. Rangi iliyokauka juu yake ilikuwa imefikia unene wa kidole, na katikati limebaki bonde la ukubwa wa kisahani ambamo rangi mpya ilichanganywa. Mbele yake makopo 3 ya maziwa ya unga: la kwanza la brashi za rangi za baridi kama bluu, la pili za rangi za moto kama nyekundu, la tatu la brashi zilizokufa, zile za kukwaruzia. Kwa mtu mwingine yeyote makopo hayo yalikuwa kitu kimoja, maana mipini yote ilikuwa imepakaa rangi zote.

Chini ya ukuta mrefu kulikuwa na marundo 5. Kila rundo lilikaa miguuni pa kazi iliyokuwa ikiendelea: vipande vya tanga vilivyokwisha kukatwa, kifuniko chenye mabaki ya rangi iliyochanganywa kwa ajili ya kazi ile tu, misumari yenye kutu iliyong'olewa kwenye chombo kilekile, mchoro wa penseli nyuma ya karatasi ya duka. Na juu ya marundo, kwenye ukuta wenyewe, yalikuwapo madoa ya rangi zaidi ya 40, kila moja na vipimo vyake vimeandikwa kwa mkaa pembeni. Doa moja lilisomeka: nili 3, siena 1, nyeupe 6, mlango wa Shela saa kumi. Yaani sehemu 3 za nili, 1 ya siena, ambayo ni rangi ya udongo, na 6 za nyeupe.

Siku mbili za usafi

Mfungo Sita ulikuwa umekaribia, na kama kawaida ya Lamu, Maulidi ya msikiti wa Riyadha yalikuwa yanaleta jamaa kutoka Mombasa na Tanga. Mama mwenye nyumba aliuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye haki angeuliza: "Mwanangu, wageni watalala wapi, juu ya mbao?" Jibu lilikuwa, "Mama, nitapanga." Mchoraji akaenda Matondoni kufuata mbao, akalala huko usiku mmoja. Ndugu zake wakaamua wamsaidie.

Hakuna aliyefanya ubaya. Walifanya kazi safi kabisa, na hilo ndilo linalofanya kisa hiki kifae kusomwa. Brashi zilioshwa zikawekwa pamoja kwa ukubwa. Mirija ya rangi ikapangwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kwa ukubwa pia. Vipande vya tanga vikakunjwa, vikubwa chini, vidogo juu. Misumari yote ikatiwa kwenye chupa moja ya asali. Vifuniko vyenye rangi vikatupwa. Matambara yakaenda guniani. Mwisho, ukuta ukapakwa chokaa nyeupe, mikono miwili, ukang'aa.

Kwa nini gunia lilipata moto

Tuanze na hili kwa sababu lingeua watu. Mafuta ya linsidi hayakauki kwa maji kutoka ndani yake kama nguo. Hukauka kwa kushikana na hewa, na kushikana huko hutoa joto. Tambara likiwa limetandazwa au limening'inizwa peke yake, joto huondoka kadiri linavyozaliwa. Yakirundikwa, hewa ya kutosha kuendeleza kazi hiyo imo katikati ya mikunjo, lakini joto halina pa kutokea. Linapanda, na kadiri linavyopanda mafuta hukauka kwa kasi zaidi na kutoa joto zaidi, hadi pamba yenyewe inashika moto bila kiberiti. Huchukua saa chache tu, na joto la pwani linaharakisha.

Matambara makavu ya miezi iliyopita hayakuwa na hatari kubwa, yalishamaliza kazi yake. Yaliyoleta balaa ni yale ya kusugulia mlango, mabichi, yaliyozungukwa na mengine kama yai kwenye pamba. Anayepaka linsidi samani au milango hata kama hajawahi kushika brashi ya mchoraji yumo katika hatari hiyohiyo. Nao mji wa kale wa Lamu una njia ambazo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa kubanana ukutani. Gari la zimamoto halipiti humo.

Rangi ya mafuta yenyewe mara nyingi huwa na linsidi ndani, kwa hiyo tambara lililofutia brashi lihesabiwe vilevile. Thina na tapentaini, vile vimiminika vya kuyeyushia rangi, zina hatari ya namna nyingine, tutaifikia.

Ukuta

Hasara iliyomuuma mchoraji zaidi ilikuwa ukuta. Mbao zilikuwapo bado, matanga yalikuwapo, lakini ukuta ulikuwa daftari lake.

Kwa bahati, chokaa haishiki vizuri juu ya rangi ya mafuta iliyokauka, kwa kuwa haina pa kupenya, na chokaa mpya huchukua siku nyingi kugeuka jiwe kwa hewa. Kazi ya kufunua ilianza siku ya 9. Hatua zilikuwa hizi: brashi kavu ya nyuzi ngumu kwanza, kwa mviringo, bila kukandamiza, kisha ukingo wa kadi ya plastiki kuinua magamba, kisha sponji yenye maji matupu, iliyokamuliwa. Miwani na glavu tangu mwanzo, maana vumbi la chokaa mpya huchoma macho. Madoa mengi ya mafuta yalifunuka kwa hatua mbili za kwanza. Ya akriliki yalisumbua, yana uso wenye mikwaruzo midogo ambayo chokaa inapenda.

Hapo likafanyika kosa. Mtu mmoja alishauri siki, kwa kuwa siki huyeyusha chokaa. Ni kweli huyeyusha. Ikachanganywa siki 1 kwa maji 4, ikapakwa kwa pamba kwenye madoa yaliyobaki. Madoa ya udongo mwekundu na ya manjano yalitoka yakiwa mazima, kwa kuwa rangi za chuma na udongo hazijali asidi dhaifu. Lakini doa moja la bluu likafifia mbele ya macho, likawa kama kijivu. Bluu ya ultramarini, ambayo nili ya kufulia ya zamani ni ndugu yake, hustahimili chokaa miaka na miaka, ndiyo maana kuta zilizopakwa chokaa yenye nili hazipauki. Inachoshindwa ni asidi. Siki au ndimu ikiifikia chembe yake, rangi inakufa na hairudi. Siki ikasimamishwa palepale. Isitoshe, hiyo siki haikuwa ikila chokaa ya juu tu, ilikuwa ikila pia lipu ya ukuta, ambayo nayo ni chokaa.

Bluu ya Prussia, bluu nyingine ya wachoraji, ina tabia ya kinyume. Ile huvumilia asidi lakini haivumilii ukali wa chokaa mbichi. Madoa yake 3 yalipofunuliwa yalikutwa yameshakuwa na kahawia ya kutu. Kwa hiyo katika ukuta mmoja kulikuwa na bluu iliyoharibiwa na usafi na bluu iliyoharibiwa na tiba. Mtu anayefunua ukuta wa rangi ajaribu kila rangi kwanza kwenye eneo la ukubwa wa ukucha.

Maandishi ya mkaa hayakupona. Mkaa haushiki ukuta, umeulalia tu, na brashi ya chokaa iliufuta wote. Rangi zikarudi bila majina wala vipimo. Mchoraji alilazimika kuchanganya upya, kuacha ikauke, kulinganisha. Kulinganisha rangi mbichi na kavu ni kupoteza muda, maana akriliki hukolea inapokauka, na ulinganishaji wote ulifanywa saa ileile ya asubuhi, kabla jua halijaingia kiwandani, yaani ua wa ndani wa nyumba, na kutia weupe kwenye ukuta wa pili. Madoa 31 yalifunuliwa. Yaliyopata vipimo vyake tena ni 19.

Rundo linakumbuka

Marundo 5 hayakuwa na siki wala chokaa, lakini ndiyo yaliyosimamisha kazi. Hapa ndipo palipo kiini cha kisa.

Rundo linalotumiwa kila siku hujipanga lenyewe. Kinachochukuliwa hurudi juu. Kisichochukuliwa huzama. Baada ya wiki chache, juu kuna kazi ya leo, chini yake ya juzi, na kitu kilichosahaulika kiko chini kabisa kinakojulikana kimesahaulika. Hakuna kabati lenye lebo linaloweza kufanya hivyo bila mtu kulipangua kila jioni. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, walisoma misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine kwa mpangilio huohuo wa tabaka. Angetokea mtu akaja kuwasaidia kwa kuweka vigae vyote pamoja, shanga pamoja na mifupa pamoja, kila kitu kingekuwa safi na hakuna ambacho kingesomeka.

Ndivyo ilivyokuwa sabuleni. Msaada ulipanga vitu kwa jinsi yao, brashi na brashi, msumari na msumari. Mchoraji alikuwa amevipanga kwa kazi, na kwa wakati. Misumari ya chombo kimoja ilikuwa na kutu ya namna moja. Kwenye chupa ya asali ilichanganyika na ya vyombo vingine 4, na hakuna jicho linaloweza kuitenga. Kifuniko chenye mabaki ya rangi, kilichoonekana uchafu, kilikuwa njia pekee ya kurudi kwenye rangi iliyochanganywa wiki mbili nyuma na kuachwa robo tatu ya tanga haijapakwa.

Francis Bacon hutajwa sana watu wanapotetea vyumba vya namna hii, na anafaa kutajwa, ila kwa sababu nyingine. Chumba chake cha London, nambari 7 Reece Mews, alichokitumia kuanzia 1961 hadi alipofariki 1992, kilijaa karatasi, mirija na makopo hadi magotini, na alichanganyia rangi ukutani na mlangoni. Mwaka 1998 kilitolewa kwa jumba la sanaa la Hugh Lane huko Dublin, na likakifungua kwa watazamaji mwaka 2001 baada ya kuorodhesha vitu zaidi ya 7,000. Kabla ya kuhamisha waliitwa wachimbaji wa mambo ya kale, wakachora ramani ya kila kitu kilipokaa. Hawakuhifadhi orodha ya vitu tu, walihifadhi mahali. Hilo ndilo la kujifunza pale.

Kuna pia utafiti wa 2013 wa Kathleen Vohs na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, unaonukuliwa kama hirizi: waliowekwa kwenye chumba cha fujo walitoa mawazo mapya zaidi kuhusu matumizi ya mpira wa ping-pong kuliko waliowekwa kwenye chumba safi. Sawa. Lakini wale walikaa dakika chache kwenye fujo ya mtu mwingine. Fujo ya sabule hii ilikuwa ya mwenyewe, na faida yake ilikuwa kumbukumbu. Kudhani kwamba shaghalabaghala yoyote huzaa ubunifu ni kulisingizia rundo kazi ambayo halijaomba.

Fujo iliyokuwa mbaya kweli

Ingekuwa dhuluma kuwaachia ndugu lawama yote, maana chumba kilikuwa na mambo ambayo hakuna hoja ya sanaa inayoweza kuyatetea.

Kopo la thina la lita 4 lilikaa sakafuni bila kifuniko, hatua mbili kutoka chetezo cha udi. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kutambaa sakafuni, na chetezo hukaa sakafuni. Kikombe cha chai na kopo la kusuuzia brashi vilikuwa vya ukubwa mmoja na vilikaa kiganja kimoja, kwenye chumba chenye rangi za kadmiamu, ambayo ni sumu. Mbao za vyombo vya zamani, ambazo huweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi, nayo ni sumu, chini ya matabaka mapya, zilipigwa msasa mkavu ndani, madirisha yamefungwa ili upepo wa Kusi usimwage mchanga kwenye rangi mbichi. Vumbi hilo lilikaa kwenye kila kitu, ikiwemo kanzu iliyotundikwa nyuma ya mlango.

Na matanga yaliyokwisha kuchorwa yaliegemezwa moja kwa moja kwenye ukuta wa matumbawe. Ukuta huo hunyonya maji kutoka ardhini na kupandisha chumvi. Wakati wa masika, Mei hasa, kuvu ilishika migongo ya kazi 4. Mbili kati ya hizo rangi ilianza kuinuka kwa magamba, lakini kosa la magamba si la ukuta peke yake. Tanga lililotembea baharini limejaa chumvi, na chumvi huvuta unyevu hewani hata ikiwa chini ya rangi. Tanga lilowekwe kwenye maji matamu siku 2, maji yabadilishwe mara 3, na kiasi cha kijiko cha maji ya mwisho kikaushwe kwenye sahani nyeusi juani: kikiacha ukungu mweupe, liloweke tena. Baada ya kukauka livutwe kwenye fremu, lipakwe gundi nyeupe ya mbao 1 kwa maji 3, mikono miwili, kila mkono ukauke siku nzima. Mchoraji alikuwa akiloweka kwa usiku mmoja, kwa sababu ndoo zilikuwa zimejaa vitu vingine. Hapo fujo ilikula kazi yenyewe.

Kilichofanywa baadaye

Wazo la kwanza lilikuwa rafu. Likaachwa, na tunadhani ni vizuri liliachwa: ukuta wa chokaa na matumbawe haupendi misumari mikubwa, na rafu ingerudisha mpango wa jinsi kwa jinsi.

Badala yake kila kazi inayoendelea ilipewa kapu lake la ukili, upana wa sentimita 50 hivi, linalokaa miguuni pa kazi ileile. Ndani ya kapu fujo inaruhusiwa kabisa. Vipande, misumari, michoro, kifuniko chenye rangi kilichofunikwa na mfuko wa plastiki na kitambaa chenye unyevu ili akriliki isikauke. Kinachokatazwa ni kitu cha kapu moja kulala kwenye kapu la pili. Kazi ikiisha, kapu hukaa wiki 2 zaidi, maana mara nyingi tanga hurudi kwa marekebisho, ndipo limwagwe.

Sakafuni ukachorwa mstari kwa rangi nyekundu ya oksidi, kutoka mlangoni hadi dirishani, upana wa sentimita 60. Ndani ya mstari hakuna kitu. Chochote kinachovuka hurudishwa rundoni kwa mguu, hakipangwi, hakiulizwi. Mtu akikimbia moto usiku anapita hapo, na anayefagia anafagia hapo tu. Kwa ndugu, mstari huo ulifanya kazi kuliko mazungumzo yote: wanajua ni wapi pao.

Matambara yenye linsidi yalipewa debe la chuma lenye kifuniko, maji nusu, nje kwenye kiwanda. Lisipokuwapo debe, tambara lining'inizwe peke yake kwenye kamba hadi liwe kakamavu kama ngozi, kisha litupwe. Thina ndani ya chumba haizidi lita 1, kwenye chupa yenye kizibo. Chetezo kikahamia msanani, kwenye ukumbi unaotazama kiwanda. Msasa unapigwa kiwandani, mbao ikiwa imeloweshwa, na barakoa. Kikombe cha chai kikabadilishwa, sasa ni cha udongo chenye mkono, na hakuna chombo kingine chumbani chenye mkono. Kazi zilizokamilika zinasimama juu ya vipande vya boriti, sentimita 10 kutoka sakafu na 5 kutoka ukuta, ili hewa ipite nyuma.

Ukuta ulileta ubishi. Ubao wa plaiwudi wa sentimita 60 kwa 120 ulitundikwa pembeni ya dirisha uwe daftari jipya, linaloweza kubebwa siku ya wageni. Ukakaa wiki 3 bila doa hata moja. Mchoraji aliendelea kujaribia rangi ukutani, pembeni mwa meza, pale mkono wenye brashi unapoangukia bila yeye kutazama. Ubao ulipohamishiwa hapohapo, kulia kwa meza, usawa wa kiwiko, ulijaa madoa 9 ndani ya siku 10. Vipimo sasa vinaandikwa kwa penseli ya seremala, na kila Ijumaa ubao unapigwa picha kwa simu. Vivyo hivyo marundo, picha moja kwa kila mita ya ukuta, kutoka alama moja sakafuni ili picha zilingane.

Kazi ya kwanza baada ya usafi ilikamilika wiki ya 8. Kati ya zile 5 zilizokuwa zikiendelea, 2 ziliachwa kabisa. Moja ilihitaji rangi iliyokuwa kwenye kifuniko kilichotupwa, na baada ya majaribio 6 mchoraji aliona sehemu mpya inaonekana kama kiraka; akalipindua tanga na kuanza upande wa pili.

Swali la Mama limebaki na jibu la nusu. Maulidi yaliyofuata, makapu yalibebwa darini kwa namba, kapu la 1 kwanza, yakarudishwa kwa mpango huohuo kwa kutazama picha, na tanga kuukuu likatundikwa kama pazia mbele ya ukuta na meza. Wageni 4 walilala sabuleni. Kazi ilianza tena siku ya 3 baada ya wao kuondoka, ingawa kapu la 4 lilirudi na paka aliyezaa ndani yake, na likabidi liachwe kiwandani mwezi mzima.